Kariba au Inga? Kwa anayetoka Lubumbashi kwenda kuliangalia bwawa kubwa la umeme

Mwaka huu likelemba ya familia yetu, ule mchango wa kupokezana hela kwa zamu, iliamua kwamba zamu ya mwisho haitanunua sufuria wala mabati. Itanunua safari. Papa mkubwa, aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye machimbo ya Likasi, akasema papo hapo: «Inga. Miaka yote mnalala gizani mkiilaani Inga, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona.» Mama mdogo akacheka. «Inga ya wapi tena, Papa? Kariba iko hapa chini, tunavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa tu.»

Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Na kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi tu niliyewahi kufika kote kuwili, Kariba mara mbili na Inga mara moja, nikapewa kazi ya kuandika. Haya ndiyo niliyowaandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wengine wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao nao wanavutana vivyo hivyo.

Si vitu vya aina moja

Hapa kwetu tunasema «baraji» na tumemaliza. Neno hilo linadanganya, maana kila anayelisikia anawaza ukuta mrefu ulioziba mto na maji yaliyojaa nyuma yake. Kariba ni hivyo hasa. Inga sivyo.

Kariba ni ukuta wa zege uliopinda kama upinde wa mwindaji, umebanwa ndani ya korongo la mto Zambezi, mguu mmoja Zambia na mwingine Zimbabwe. Ulijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959. Kimo chake ni mita 128, na ukitembea juu yake toka ukingo hadi ukingo ni karibu mita 600. Ziwa lililo nyuma yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 220, karibu sawa na kwenda Likasi na kurudi, na mahali penye upana mkubwa linafika kilomita 40. Duniani hakuna ziwa jingine lililotengenezwa na watu linalobeba maji mengi kama hilo: zaidi ya kilomita za ujazo 180 likijaa.

Inga ni mto kwanza, ukuta baadaye. Kabla ya kufika Matadi, mto Kongo unateremka kama mita 96 ndani ya kilomita zisizozidi 15, ukiwa umebeba kwa wastani zaidi ya mita za ujazo 40,000 za maji kila sekunde. Waliojenga hawakuthubutu kuuziba. Walichota sehemu ndogo ya maji, wakayaingiza kwenye bonde la kando linaloitwa Nkokolo, na hapo wakasimamisha vituo viwili: Inga 1 mwaka 1972, yenye megawati 351, na Inga 2 mwaka 1982, yenye megawati 1,424. Mto wenyewe unaendelea na safari yake kama mtu aliyeibiwa sarafu moja sokoni na asijue.

Hesabu hizo zina jambo ambalo Papa mkubwa hakulipenda. Jumlisha vituo viwili vya Inga, unapata megawati 1,775. Kariba, baada ya kupanuliwa pande zote mbili, ina 1,080 upande wa Zambia na 1,050 upande wa Zimbabwe. Kwa mashine zilizofungwa leo, Kariba ndiyo kubwa. Ile Inga ya megawati 40,000 na zaidi ambayo tumeisikia redioni tangu utoto bado iko kwenye karatasi. Benki ya Dunia ilisimamisha msaada wake mwaka 2016 na ikarudi mwaka 2025 na fungu la kwanza la fedha, lakini usiahirishe safari kwa kusubiri Inga 3, kituo kipya kinachopangwa. Watoto wako watakuwa wameoa.

Mashine, hata hivyo, si maji. Zambezi inategemea msimu mmoja wa mvua, na mwaka 2024 ukame uliishusha Kariba kiasi kwamba Zambia nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili, kwa hiyo daima kuna upande mmoja wa nchi ambako mvua inanyesha, na Inga haikauki. Kinachoisumbua Inga ni mitambo iliyosimama miaka kwa kukosa matengenezo. Kule wana mashine na maji yanawapungukia. Sisi tuna maji, mashine ndizo zinazotupungukia.

Macho yatakula nini

Kariba, utaingia juu ya ukuta wenyewe. Hilo peke yake linatosha kuwafanya watu wengi waichague, na siwalaumu. Ukuta huo ni barabara ya mpaka kati ya nchi mbili, magari yanapita juu yake, na hata usipotaka kuvuka kwenda Zimbabwe unaweza kuacha kitambulisho kwa maofisa wa uhamiaji, ukapewa karatasi ndogo, ukatembea kwa miguu hadi katikati. Upande wako mmoja ziwa limelala, bluu, boti zinaonekana kama mbegu za maboga. Upande wa pili hakuna kitu. Ukiegemea ukingo unaona korongo limefunguka chini ya kidevu chako, na mto mwembamba unaondoka huko mbali kana kwamba haufahamiani na ziwa hilo. Mimi si mwoga wa juu, nimepanda paa la nyumba ya ghorofa kufunga antena, lakini pale magoti yalinisaliti.

Chini kabisa, mbele ya ukuta, kuna shimo. Milango sita ya kumwagia maji ilipokuwa ikifunguliwa miaka ya zamani, maji yaliangukia mahali pamoja na kuuchimba mwamba mpaka likatokea dimbwi la kina cha mita zaidi ya 80, karibu na miguu ya ukuta. Ndiyo sababu mwaka 2017 ilianza kazi kubwa ya kulirekebisha na kuitengeneza milango. Wengi wanakwenda Kariba wakitumaini kuona milango ikifunguliwa na maji yakiruka kama kwenye picha za zamani. Achana na tumaini hilo. Miaka mingi inapita bila mlango hata mmoja kufunguliwa, na siku ukifunguliwa si kwa ajili ya wageni.

Mitambo ya umeme hutaiona. Vituo vyote viwili vimechimbwa ndani ya mwamba, kimoja kila upande, na juu unaona nguzo na nyaya tu. Mtoto anayetaka kuona «mashine inayotengeneza kuran», yaani umeme, atarudi nyumbani na swali lake.

Kinachofidia hilo ni hadithi, na Kariba imejaa hadithi kuliko mahali popote pa umeme ninapopajua. Watonga wa bonde lile wanasimulia habari za Nyaminyami, roho wa mto mwenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki, ambaye ukuta ulimtenga na mke wake. Mwaka 1957 mafuriko yaliharibu kazi za ujenzi. Wahandisi wakasema ni bahati mbaya, haitarudi. Mwaka 1958 yakaja makubwa zaidi, ya aina ambayo mahesabu yao yalisema hutokea mara moja katika miaka 10,000. Wazee wa Kitonga hawakuhitaji mahesabu. Ukuta ulimalizika, lakini wafanyakazi zaidi ya 80 walikufa katika kazi hiyo. Waitaliano waliojenga wakaacha kanisa dogo la Mtakatifu Barbara upande wa Zimbabwe, la duara na lisilofungwa pembeni, lenye majina ya waliokufa.

Na kabla ya maji kupanda, watu wapatao 57,000, karibu wote Watonga, walihamishwa toka kwenye mashamba ya kando ya mto, yaliyokuwa yanawalisha mara mbili kwa mwaka, wakapelekwa kwenye ardhi kavu. Wanyama nao walibaki kwenye vilele vya milima vilivyogeuka visiwa. Kuanzia mwaka 1958 kikosi kilichoongozwa na Rupert Fothergill kiliwabeba kwa mashua, kwa nyavu na kwa mikono, zaidi ya wanyama 6,000, kazi iliyopewa jina la Nuhu. Mzee mmoja muuza samaki wa Siavonga, mji wa upande wa Zambia kando ya ziwa, aliniambia kwa Kibemba chenye lafudhi ya Kitonga: «Tembo walitafutiwa mashua. Sisi tulitafutiwa lori.» Sijaisahau sentensi ile.

Sasa Inga. Inga utaisikia kabla hujaiona. Tulikuwa bado ndani ya gari, dirisha limefungwa, na tayari kulikuwa na mngurumo chini ya mngurumo wa injini. Ukisimama mahali pa kuyatazamia maporomoko, huoni maji yakianguka kama kwenye kalenda. Unaona maji yakipigana: mawimbi yanayopanda mto badala ya kushuka, mashimo yanayofunguka na kujifunga, povu la rangi ya chai ya maziwa. Hakuna kitu cha kibinadamu karibu ya kukupa kipimo, kwa hiyo akili inayafanya madogo, mpaka uone gogo la mti mzima likizama na kuibuka mahali ambapo hukutarajia.

Na mashine utaziona, ukipata ruhusa. Kwenye Inga 2 mabomba manane ya chuma yanashuka toka juu ya ukuta hadi kwenye jumba la mitambo, kila moja likilisha mtambo wa megawati 178. Ndani, sakafu inatetemeka kwa chini sana, unaihisi kwenye meno. Wapo mafundi wanaopenda kueleza, na kwa mtoto anayesoma shule ya ufundi saa moja mle ndani inazidi mwaka mzima wa ubao na chaki.

Kisha nje, kwenye uwanja wa nyaya, nikaonyeshwa jozi moja ya nyaya inayoelekea mashariki. «Hiyo ni yenu,» mwongozaji akasema. Ni laini ile ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, iliyomalizika mwaka 1982 na ambayo wakati huo hakuna laini duniani iliyoishinda kwa urefu. Ilijengwa ili kulisha machimbo ya shaba ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo. Inapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja, kwa sababu umeme wake ni wa aina ambayo haushushwi njiani: unaingia Inga, unatoka Kolwezi. Nilisimama pale nikifikiria mshumaa wa mama yangu katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi. Kariba ni nzuri kuliko Inga, sina ubishi, lakini Kariba haijawahi kunifanya nisimame kimya hivyo.

Njia

Hapa ndipo ukweli wa jiografia unapotuchapa. Mali yetu wenyewe iko mbali kuliko ya jirani.

Kwenda Kariba unapanda basi au gari asubuhi, kilomita kama 90 hadi Kasumbalesa, unavuka, unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi na Kabwe hadi Lusaka. Unalala. Kesho yake ni kilomita zisizofika 200: unavuka daraja la mto Kafue, unateremka milima kuelekea Chirundu, na kabla ya kufika Chirundu unaiacha barabara kuu na kukata kulia kwenda Siavonga. Lami yote. Kama unaendesha mwenyewe, kumbuka Zambia wanapita kushoto. Ajali nyingi za watu wetu hutokea kwenye mzunguko wa kwanza, wakati dereva bado yuko Lubumbashi kichwani.

Kasumbalesa ndiyo mtihani. Si kwa sababu ya umbali, ni kwa sababu ya foleni ya malori ya shaba na watu wanaojifanya kukusaidia. Safari yangu ya kwanza kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alichukua pasipoti zetu tatu na dola 20 «za kuharakisha», akapotea saa mbili, akarudi na pasipoti bila muhuri na bila dola. Usimpe mtu pasipoti yako. Panga mstari, toa kadi ya njano ya chanjo, jibu unachoulizwa. Habari za viza ziulize mapema kwenye ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi, na ukitaka kuvuka ukuta hadi mji wa Kariba, kule ni Zimbabwe na ni masharti mengine.

Kwenda Inga unapanda ndege toka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, hadi N'Djili, uwanja wa Kinshasa. Hakuna njia nyingine ya maana, labda uwe na majuma matatu na moyo wa chuma. Ukifika Kinshasa unarudisha saa nyuma saa moja, unalala, kisha unashika barabara ya Matadi, kilomita kama 350, lami nzuri lakini ya milima na ya malori toka bandarini. Inga iko kama kilomita 40 juu ya Matadi. Nauli ya ndege peke yake, kwa mtu mmoja, inawapeleka watu kadhaa Siavonga kwa basi na chumba juu yake. Kwa familia ya watu saba kama yetu, hesabu hiyo haina mjadala.

Njiani kuelekea Matadi kuna vya kuongezea. Kisantu kuna bustani ya mimea ya kale ambayo miti yake tu inastahili nusu siku. Pembeni ya barabara kuna njia ya kwenda maporomoko ya Zongo kwenye mto Inkisi, na Matadi kwenyewe kuna daraja la mita 722 lililojengwa na Wajapani mwaka 1983. Yaani safari ya Inga ni safari ya mkoa wa Kongo Central nzima. Ukiichukua hivyo, bei yake inaanza kueleweka.

Karatasi na kamera

Kariba ni mahali pa watalii. Inga ni mahali pa kazi. Tofauti hiyo ndogo itakuumiza usipoijua.

Huwezi kufika kwenye geti la Inga ukasema «nimekuja kutembea». Unahitaji ruhusa ya SNEL, shirika la umeme la taifa, iliyoombwa kabla, kwa barua yenye majina ya wote, namba za vitambulisho na sababu ya kuja. Mimi niliingia na kikundi cha walimu. Barua ilichukua majuma manne, na hata hivyo getini walituhesabu kama mbuzi wa mnada. Shule, chuo, chama cha wahandisi au parokia wanapata kwa urahisi kuliko Papa na Mama na watoto wao. Ukiwa mtu binafsi, tafuta kikundi ujiunge nacho.

Picha: pande zote mbili uliza kwanza. Kariba watu wanapiga picha za ziwa na korongo siku nzima bila tabu, ila usielekeze simu kwenye ofisi za mpaka wala kwa askari. Inga tuliambiwa wazi mahali pa kupiga na mahali pa kuweka simu mfukoni, na tulitii. Nchi yetu unaijua: picha moja ya daraja au ya nguzo inaweza kula mchana wako wote.

Majira

Kariba nenda kati ya Mei na Agosti. Ni kiangazi, jioni kuna ubaridi mtamu, na ziwa huwa limepanda baada ya mvua. Oktoba bonde la Zambezi ni jiko, joto linapita nyuzi 40 na hata mbwa hawabweki. Inga ni kinyume: mto Kongo hujaa zaidi Novemba na Desemba, hupungua Julai na Agosti. Anayetaka kuona hasira yake aende mwisho wa mwaka, akubali na mvua.

Wazee, watoto, na tumbo

Kwa bibi mwenye magoti mabovu, Kariba. Gari linamfikisha karibu na ukuta, nyumba za wageni za Siavonga zinaangalia ziwa, na anaweza kukaa kwenye kiti siku tatu akiona boti zinapita bila kupanda ngazi hata moja. Wale wanaomudu hukodi boti ya kulala ndani. Sisi tulikodi mashua ya saa mbili na ilitosha. Ila watoto wafungwe kwa kamba ya maneno makali: ziwa lile lina mamba na viboko, na uzuri wa maji usimdanganye mtu akaoge. Inga haina ufuko, haina mapumziko, na mtoto wa miaka mitano atachoka na kelele baada ya nusu saa.

Lugha nayo ni starehe. Hadi Kabwe Kibemba cha nyumbani kinakutosha, na hapa Lushi (Lubumbashi) nani hana shangazi Mbemba? Siavonga wanaongea Kitonga, lakini muuza samaki hashindwi na lugha yoyote yenye hela ndani. Kule Matadi ni Kikongo na Lingala, na Kiswahili chako kitawachekesha kidogo, kwa upendo. Chakula: Zambia utakula bukari (ugali) kama nyumbani, wao wanaita nshima. Kongo Central ni kwanga (mkate wa muhogo) na samaki wa mto, na sombe (kisamvu) wanaiita pondu. Papa mkubwa anadai hawezi kula kwanga. Huo ndio udhaifu mkubwa wa hoja yake yote ya Inga.

Hela ikiwa ndogo

Kabla hujavunja likelemba, jua kwamba Katanga ina mabwawa yake, na yana umri mkubwa kuliko Kariba. Mwadingusha kwenye mto Lufira, mbele ya Likasi, ilianza kutoa umeme mwaka 1930. Ilitengenezwa upya na kurudi kazini mwaka 2021. Bwawa si refu, lakini ziwa lake, Tshangalele, ni pana, tulivu, lina ndege wengi na vijiji vya wavuvi. Koni iko chini yake kwenye mto huo huo. Upande wa Kolwezi, kwenye Lualaba, kuna Nzilo na Nseke za miaka ya 1950. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokutoa pumzi kama Kariba, na kuingia kwenye vituo nako kunataka ruhusa, lakini ziwa halina geti. Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi.

Na kuna jambo moja la Nseke linalonifurahisha kila ninapopita foleni ya Kasumbalesa. Kuanzia mwaka 1956, kabla ya Kariba kuanza kazi, machimbo ya shaba ya upande wa Zambia yalikuwa yakinunua umeme toka Katanga, toka kituo hicho hicho ambacho Wabelgiji walikiita Le Marinel, kwa laini iliyovuka hadi Kitwe. Nyaya zilikuwa zinakwenda kule. Siku hizi ni machimbo yetu yanayonunua kwa majirani.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto na wazee, wachumba, na yeyote anayesafiri kwa mara ya kwanza nje ya mkoa: Kariba, bila kufikiri mara mbili. Mwanafunzi wa umeme au ujenzi, mwalimu mwenye kikundi, mtu mwenye kazi Kinshasa ambaye tayari nauli imelipwa na mwingine: Inga, na aanze barua leo. Anayetaka kuona mashine zikizunguka asipoteze muda Kariba. Anayetaka kusimama juu ya ukuta mrefu asipoteze nauli Inga.

Nikilazimishwa kusema moja tu, kwa mtu wa Lubumbashi mwenye hela yake mwenyewe na majuma mawili ya likizo, nitasema Kariba sasa na Inga siku kazi au shule itakapokupeleka. Papa mkubwa nimemwahidi kwamba kwaya ya parokia yake ikiandika barua, nitaipeleka mimi mwenyewe ofisini.

Basi likelemba imepiga kura, watano kwa wawili. Tunaondoka katikati ya Julai. Tarehe kamili Mama mdogo alitaka kuichagua kwa kufuata siku ya malipo, mimi nikamwomba aangalie na mwezi. Usiku pale Siavonga mashua za uvuvi hutoka na taa kuvuta kapenta, dagaa wadogo waliochukuliwa toka ziwa letu la Tanganyika mwaka 1967 na 1968 wakamwagwa Kariba, wakazaana mpaka leo wanauzwa wakiwa wakavu hapa kwetu. Ziwa zima linakuwa kama mji wenye kuran. Lakini mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, wavuvi hubaki nyumbani, na ziwa linakuwa giza tu.

Tumechagua juma la mwezi mwandamo.